Kitita cha Kwanza Juu ya Mlango wa Mama

Koboko, 12 Januari 1988

Kwako mdogo wangu Sule Mogga,

Salamu zikufikie kutoka kwetu sote, wakubwa na wadogo, na hata kutoka kwa yule jogoo kilema aliyekuwa akikufukuza kila ukija. Sisi wazima. Watoto wanakwenda madrasa na shule, na mdogo kabisa ameota meno, basi ananiuma mchana kutwa. Jirani yetu Candiru amejifungua pacha, na mama yetu ndiye aliyewapokea kwa mikono yake. Mama hajambo, ila kifua kidogo.

Tunasikia umekuwa mkubwa huko Arua. Adriko, dereva wa lori la Oraba anayekuletea barua hii, anasema watu wanakuita Baba wa Maskini. Nilicheka mpaka nikamwaga uji. Wewe, Sule, uliyekuwa ukificha mahindi chini ya mkeka kambini kule Sudan ili jirani asikuombe! Haya, Mungu hubadilisha watu.

Sasa neno langu. Paa la mama limeoza. Unakumbuka tuliporudi kutoka ukimbizini tuliezeka harakaharaka kwa nyasi mbichi, basi mchwa wamekula hata fito. Msimu uliopita mama alikuwa akihamisha kitanda kutoka pembe hii hadi ile, na mvua ikimfuata. Mimi na mume wangu Loku tumekwisha kata nyasi, tumezikausha, tumezifunga vitita na kuvisimamisha nyuma ya nyumba. Mafundi wapo. Anayekosekana ni wewe.

Kama mji umekusahaulisha, nakukumbusha. Katika ukoo wetu nyumba ya mama haiezekwi mpaka mwanawe wa kwanza wa kiume afunge kitita cha kwanza juu ya mlango kwa mkono wake. Mtu mwingine akikifunga, ni kutangaza kwamba mwana huyo amekufa. Mama hataki hata kusikia mtu mwingine akitajwa. Njoo siku moja tu, kabla ya mvua za Machi, ufunge, halafu urudi kwa maskini wako.

Dada yako,
Mariam Poni


Arua, 27 Februari 1988

Mpendwa Dada Mariam Poni,

Nakusalimu kwa heshima zote, pamoja na shemeji Loku na wapwa zangu. Barua yako nimeipokea kwa furaha kubwa. Mimi na mke wangu Driciru hatujambo, ingawa kazi za umma zinanichosha sana.

Dada, sipati usingizi kwa ajili ya wanyonge. Ijumaa nilikuwa Adumi na Jumamosi Manibe. Umaskini nilioushuhudia huko kalamu haiwezi kuueleza! Nilimkuta mama mmoja mzee akila mboga bila chumvi. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote, na kwa bahati mwandishi wa gazeti alikuwapo. Siku ile niliapa kwamba maisha yangu ni ya watu wa chini. Kamati yetu ya Kupambana na Umaskini imenichagua mwenyekiti bila kupingwa.

Namtumia mama blanketi moja na sabuni. Karani wangu Okuonzi atampiga picha akivipokea. Mwambie mama asicheke kwenye picha.

Ni mimi nduguyo katika mapambano,
Sule Mogga


Koboko, 15 Machi 1988

Sule,

Hatujambo. Pacha wa Candiru wananenepa. Mbuzi wetu mweusi amezaa.

Blanketi limefika, sabuni imefika, na picha imepigwa. Mama alicheka. Okuonzi akamwomba asicheke, akacheka zaidi, maana alidhani ni mchezo. Mwishowe karani wako akamwambia afikirie jambo la huzuni, na mama akamuuliza, "Huzuni gani? Mutoto yangu ametuma sabuni, mimi iko na furaha." Unajua Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, alichokiokota Jinja marehemu baba alipokuwa askari. Hajakibadilisha hata neno moja.

Barua yako niliisoma mara mbili nikitafuta paa, sikuliona. Mama wa Adumi asiye na chumvi yumo. Mama yako asiye na paa hayumo. Au wa kwetu si maskini mpaka akae Adumi? Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Blanketi lako limelowa usiku uleule, sasa mama analianika kila asubuhi kwenye ua, na wapita njia wanajua kwamba mwana wa mama Kiden amekuwa mtu mkubwa.

Njoo.

Dada yako,
Mariam


Arua, 2 Mei 1988

Mpendwa Dada,

Natumaini nyote mnaendelea vyema. Driciru anawasalimu.

Kinyozi hajinyoi, Dada, usinilaumu. Lakini nina habari njema: tarehe kumi na nne mwezi huu ninakuja! Nitakuwa na mgeni, mama mmoja wa Kizungu kutoka shirika la misaada. Mwambie mama asijisumbue kupika. Na asivae kile kitenge chake kipya cha Zaire. Avae lile gauni la zamani, la kulimia.

Mengine tutazungumza ana kwa ana.

Sule


Koboko, 20 Mei 1988

Sule Mogga,

Watoto wazima, mume wangu mzima, mbuzi wawili wamepungua. Nitakueleza wamekwenda wapi, maana hukukaa ukaona.

Nilipomsomea mama barua yako, alisikia neno moja tu: anakuja. Akasema, "Mutoto anakuja kufunga nyasi." Nikamwambia barua haisemi hivyo. Akasema barua si lazima iseme kila kitu, mwana anajua kazi yake. Akaita mafundi na majirani wote. Wale mbuzi wawili walichinjwa kwa ajili ya wafungaji wa paa lako. Candiru alisaga ufuta mchana kutwa. Na kitenge alikivaa, maana mwana anapofunga kitita mama hasimami chini yake na gauni la shamba.

Ukashuka kwenye gari. Ukamwambia mama mbele ya watu akabadilishe nguo. Akaenda akabadilisha, Sule. Akarudi na gauni la kulimia akidhani hutaki kitenge kipate vumbi la nyasi! Ukamkalisha mlangoni, yule Mzungu akapiga picha sufuria zilizokinga maji. Wewe nawe ukapigwa picha yako umekaa juu ya vitita vyenyewe, umeshika kichwa kama mtu mwenye mawazo. Halafu mkaondoka kabla nyama haijaiva.

Mafundi ndio walioila. Mama akawaambia, "Yeye iko na kazi mingi. Atarudi." Akawafungia kila mmoja nyama ya kupeleka kwake. Mimi ningekuwa yeye ningekurushia sufuria.

Kinyozi hajinyoi, umesema. Sawa. Lakini mama yako si kichwa chako.

Mariam


Koboko, 8 Novemba 1988

Sule,

Hii ni barua ya tatu tangu nyama ile, na mbili zilizotangulia hukuzijibu. Sitakuambia habari za watoto, kama unazitaka utauliza.

Kuna jambo jingine ambalo mama amenikataza kukuandikia, kwa hiyo sikuandikii. Nakuambia tu kwamba usiku hatulali, na kwamba wa kukohoa si mimi.

Jana tulikusikia kwenye redio ya Candiru. Ulikuwa ukihutubia mkutano. Ukasema, "Mama yangu mwenyewe, ndugu zangu, analala katika nyumba inayovuja! Najua uchungu wa umaskini!" Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga makofi, kwa sababu alisikia sauti yako. Mimi nikatoka nje nikatema mate.

Maana Adriko alikuwa amekwisha niambia. Yeye si mtu wa kuficha. Alisema, "Dada Poni, mabati ya Mheshimiwa ni mimi nilibeba kutoka mpaka. Nyumba yake iko mpya kabisa, hata choo iko na bati." Choo, Sule. Choo chako hakivuji.

Nyasi tulizokata zimeoza palepale ulipozikalia. Tutakata nyingine kiangazi hiki. Hiyo ni mara ya mwisho.

Mariam


Arua, 19 Januari 1989

Dada Mariam,

Salamu. Unisamehe kwa kuchelewa, uchaguzi ninaogombea uko mlangoni na silali.

Nimesikia kupitia kwa Adriko kwamba mmekata nyasi tena na kwamba unataka nije mwezi ujao. Sasa naomba nikuandikie waziwazi, kama mtu mzima kwa mtu mzima. Nyumba ile isiguswe. Mwezi wa Aprili wanakuja wageni wakubwa kuliko yule wa mwaka jana, na wameiona picha ya nyumba ya mama huko kwao. Wanataka kuiona kwa macho. Wakikuta imeezekwa upya nitawaambia nini? Kwa nyumba moja inayovuja, Dada, nitapata msaada wa kuezeka nyumba za tarafa nzima. Mama amestahimili misimu mingapi? Astahimili kidogo tu. Baada ya wageni kuondoka nitakuja mwenyewe, nitafunga hicho kitita, hata viwili.

Wewe hujui siasa, kwa hiyo usimsomee mama sehemu hii. Mwambie tu ninamsalimu.

Sule


Koboko, 11 Februari 1989

Sule Mogga,

Nilimsomea sehemu hiyo. Sijawahi kumsomea mama barua nusu, na sikuona sababu ya kuanza na yako.

Alikuwa akichambua ufuta. Nilipomaliza akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akauliza, "Hapo amesema isiguswe?" Nikasema ndiyo. Akauliza kama umetaja kifua chake. Nikasema hapana, kwa sababu hukuambiwa kwamba kimezidi. Akasema, "Mwaka jana yeye alikuja hapa. Mimi nakohoa mbele yake. Yeye iko na masikio." Kisha akamaliza kuchambua ufuta wake wote, akaosha mikono, akamtuma Loku awaite mafundi.

Wakaja. Wakasimama wanatazama chini, kila mmoja akingoja mwingine aulize. Fundi mkubwa ndiye aliyethubutu: nani atafunga cha kwanza? Mama akasema, "Poni, panda juu." Fundi akasema, mama Kiden, mwanao yuko hai. Mama akamwambia, "Kama yeye iko hai, iko wapi?"

Nilipanda, mimi mwanamke, na sketi yangu na miaka yangu. Nililia, sikufichi, maana tumebebwa mgongo mmoja wewe na mimi. Lakini nilikifunga, na fundo langu halikulegea. Wanawake waliokuwa chini wakapiga ukelele wa msiba. Jioni mama akanyoa nywele. Maalim wa madrasa alikuja kumkanya, kwamba haya si ya dini, mama akamkaribisha kwa heshima, akampa chakula, akamsindikiza mpaka njiani.

Paa limekamilika. Ni zuri. Juzi ilinyesha, mama amelala mpaka jua limetoka. Waambie wageni wako wanachotaka kuambiwa.

Mariam Poni


Koboko, 26 Aprili 1989

Kwa Mheshimiwa Mjumbe,

Tunakupongeza kwa ushindi. Hapa kwetu hata mbuzi walikupigia kura.

Nakuandikia kwa sababu uliondoka juzi bila kuniangalia usoni, na mimi nina maneno ambayo hayawezi kulala tumboni. Uliposhuka kwenye gari ukaliona paa jipya, mdomo ulibaki wazi kama mtu aliyemeza nzi. Mama alikuletea maji ya kunawa. Akakuambia, "Karibu, mugeni. Kaa chini. Umetoka mbali?" Ukacheka kicheko cha mjini. Ukasema, mama, ni mimi. Akasema, "Ndiyo, karibu," akaenda kuwanawisha wengine.

Kisha mama mmoja wa Kizungu kati ya wageni wako akataka kujua kwa nini bibi amenyoa kichwa. Ukamuuliza mama, na mama akakujibu wazi, sote tulisikia: "Mutoto yangu ya kwanza mwanaume alikufa. Mimi nalia yeye." Nilidhani, sasa ndiyo. Sasa huyu mtu atapiga magoti hapa hapa, na mimi dada yake nitamsamehe kila kitu, na mbuzi pia.

Ukageuka ukawatafsiria. Ulisahau kwamba Adriko aliendesha gari la misheni miaka mingi na Kiingereza anakisikia. Alikuwa amesimama nyuma yangu akaninong'oneza: "Anasema mutoto wa huyu mama alikufa kwa sababu ya umaskini." Yule Mzungu akalia. Akamshika mama mkono. Ukaona kitu kinafanya kazi, ukaongeza. Wakauliza mbona nyumba ni nzuri, nawe ukawachukua nyuma ukawaonyesha banda la mbuzi, lile lenye paa lililotoboka. Ukasema hapa ndipo bibi analala, ile nyumba nzuri ni ya jirani. Wakaingiza vichwa. Wakapiga picha kinyesi cha mbuzi. Wewe ukatoa leso ukajifuta macho.

Nimewahi kumwona mwizi wa kuku, na mwizi wa mihogo shambani. Kule kambini nilimwona mtu akiiba sanda. Mwizi wa kifo chake mwenyewe sijawahi kumwona ila wewe.

Mariam Poni


Arua, 30 Juni 1989

Dada yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa moyo wa furaha, nikiamini nyote ni wazima. Msaada umekubaliwa! Mradi utaanzia Koboko, na mimi ndiye msimamizi. Magazeti yameandika habari zangu.

Kuhusu mambo yale ya utani wa mama, mimi sina kinyongo. Wazee wana yao. Ninaleta mabati ya kumjengea nyumba ya kisasa, ya kwanza katika mradi. Mbele yake patawekwa kibao chenye jina langu na la shirika. Mama atakata utepe. Safari hii avae kile kitenge cha Zaire.

Ndugu yako,
Sule Mogga, Mjumbe


Koboko, 9 Julai 1989

Mheshimiwa,

Mama anasema asante, nyumba yake haivuji. Mabati wapelekee maskini, kama unamfahamu mmoja.

Mariam Poni


Arua, 18 Desemba 1996

Dada Mariam,

Miaka imepita bila kuandikiana, na kosa si lako. Natumaini mama yu hai. Adriko ameniambia yu hai, na kwamba hakohoi. Nimefurahi mno kusikia.

Utakuwa umesikia. Uchaguzi wa mwaka huu watu wamenikataa, hata Koboko kwetu. Baada ya yote niliyowafanyia! Mradi ulikwisha zamani, na wanasema ni mimi niliyeumaliza. Nyumba ya hapa Arua si yangu tena. Driciru amerudi kwao Manibe na watoto. Wale waliokuwa wakiniita Baba wananiona njiani wanavuka upande wa pili.

Dada, nataka kuja nyumbani. Kifua kinanisumbua, mahali ninapolala hapafai. Adriko ameniambia pia kwamba paa la mama limechoka na mmekata nyasi mpya. Basi niachieni. Nitafika kabla ya mwezi kwisha. Nitapanda mwenyewe na kufunga kitita cha kwanza, mbele ya watu wote, na mama ataona kwamba mwanawe yu hai.

Usikatae. Mimi ni damu yenu.

Sule


Koboko, 27 Desemba 1996

Kwa Sule Mogga,

Tumepokea barua yako. Hapa tu wazima. Watoto wa Candiru wanasoma, mtoto wangu mdogo aliyekuwa akiniuma sasa ananifika begani. Loku anakusalimu.

Nilimsomea mama barua yote, sikuacha neno. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini masikio ni yaleyale. Ulipotaja kifua aliacha kula. Akarudisha tonge kwenye sahani. Kisha akauliza, "Huyu nani anaandika?" Nikasema ni mtu mmoja wa Arua, hana nyumba, watu wamemkimbia. Akasema, "Iko maskini?" Nikasema, sasa ndiyo. Akasema, "Basi akuje. Mutu maskini hatufukuzi." Tangu siku hiyo anabakiza chakula kidogo kwenye chungu kila jioni, na akisikia lori la Oraba anageuza kichwa. Sikuulizi hayo yana maana gani. Mimi nayaona, siyasemi.

Kitita cha kwanza usijisumbue nacho. Nimekwisha panda, tangu Jumanne. Safari hii sikulia.

Kwa hiyo njoo. Chakula kipo, utapewa sahani yako na maji ya kunawa kama mgeni yeyote. Nyumbani kwa mama nafasi ni ya mama. Lakini lile banda ulilowaonyesha Wazungu, ukasema ndipo anapolala, bado lipo nyuma. Mbuzi nimewatoa na nimefagia. Nimekuwekea blanketi lile lile ulilotuma. Paa lake nililiezeka kwa mkono wangu, halivuji.

Mariam Poni